Ubao wa Ijumaa

Kila Ijumaa alasiri Zilpah Navalayo alifuta ubao. Alikuwa na ndoo ya maji, tambara lililokuwa zamani sketi yake, na kigoda cha kumfikisha kwenye mistari ya juu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya barabara ya vumbi, upande wa Lurambi, ambapo kampuni ya sukari ilisimamia wakulima wa miwa wa eneo hilo. Asubuhi alichemsha chai, mchana alifagia. Ijumaa msimamizi aliandika kwa chaki namba za mashamba yatakayokatwa katika majuma mawili yajayo, kila moja na siku yake, makarani wakazinakili kwenye karatasi zao, kisha Navalayo akapanda kigoda na kuzifuta zote.

"Futa kabla mtu hajachungulia, mama," Bwana Kiplagat, huyo msimamizi, alimwambia kila juma kana kwamba hajawahi kumwambia. "Mwaka jana walivunja dirisha."

Ni kweli walilivunja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na miwa ilikuwa imemeza kila kitu. Watu waling'oa mihogo na migomba wakapanda miwa. Wengine walipanda hadi ukutani mwa nyumba, majani yakawa yanakwaruza dirisha upepo ukivuma. Lakini muwa ukishaingia ardhini, mwenye shamba hakuwa na amri juu yake tena. Ulikaa miezi kumi na minane, ishirini, ishirini na miwili, mpaka kampuni ilete wakataji na trekta zake. Hakuna aliyejua zamu yake. Tarishi alileta karatasi siku mbili tu kabla, na katika siku hizo mbili mtu alipaswa kufungua njia ya trekta, kuhamisha ng'ombe, kung'oa maharagwe ya pembeni, na kuwaarifu fundi wa mabati na wakwe waliongoja pesa. Kwa hiyo wakulima waliishi wakiuliza. Walimwuliza tarishi, wakawauliza madereva, wakamwuliza hata mchungaji.

Navalayo alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na namba hazikumpa shida. Kila shamba lilikuwa na kibao cha bati chenye namba yake. Yeye aliyetembea kilomita nne kwenda kazini na nne kurudi alizijua namba hizo kama anavyojua majina ya watu. Hata hivyo hakuwahi kufikiri kwamba ana siri, hadi siku ya Osundwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na nyumbani kwao walitarajia wageni wa kanisa. Nasema nyumbani kwao kwa sababu Navalayo alikuwa amerudi. Aliolewa Malava, mume akafa bila wao kupata mtoto, na kaka yake Sylvanus, aliyefanya kazi katika mashamba ya chai Kericho, akamkatia kona ya kiwanja cha baba yao ajenge chumba. Hapo aliishi jirani na wifi yake, Pascalia, mke wa Sylvanus, na watoto wa kaka yake. Hakuna aliyemtesa. Lakini katika misiba na harusi aliketi jikoni, upande moshi unakoelekea, na hakuna aliyemwambia asogee.

Basi alikuwa amechuchumaa uani, mikono imo tumboni mwa jogoo, Osundwa alipopita akaegemea uzio. Osundwa alikuwa jirani mwenye mdomo usiopumzika, na miwa yake ilikuwa na miezi ishirini na miwili.

"Imetoa maua, Navalayo," alisema. "Miwa imechanua kama bibi harusi na bwana harusi haonekani. Hata huyo jogoo wako anajua mengi kuliko wale watu wa ofisi."

Navalayo alicheka. Mbele yake, kwenye jani la mgomba, matumbo ya jogoo yalikuwa yamelala yakitoa mvuke. Marehemu baba yake, mzee Shikanga, alikuwa msomaji wa matumbo ya kuku. Watu walimjia kabla ya safari, kabla ya posa, kabla ya kupeleka wavulana kutahiriwa. Alimpasua kuku ubavuni, akautandaza utumbo kwenye jani, akatazama madoa na mishipa, akasema njia iko wazi au njia imefungwa. Navalayo, akiwa msichana, ndiye aliyeshika jani. Na jana yake, akiwa juu ya kigoda, alikuwa amefuta namba ya shamba la Osundwa kwa mkono wake mwenyewe.

Akauinua utumbo kwa vidole viwili. Akaishusha sauti ikawa nzito kama ya mzee. "Jumanne ya wiki ijayo," alisema. "Toa ng'ombe wako njiani."

Ulikuwa mzaha. Alidhani Osundwa atacheka. Osundwa hakucheka, aliondoa kiwiko chake kwenye uzio, akasimama wima, akaondoka bila kuaga.

Jumanne wakataji walikuja. Alhamisi, kwenye mnada wa mifugo wa Lubao, Osundwa alikuwa ameshawasimulia watu wote, na ng'ombe wote. "Yule mama anaonanga," alisema. "Ni damu ya Shikanga. Aliniambia mpaka siku."

Watu wakaanza kuja. Mara ya kwanza Navalayo alijitetea kwamba alitania, lakini mama aliyemjia alikuwa ametembea kutoka mbali, ameshika tetea kwapani, na akamwita "mama yetu" kwa sauti ambayo Navalayo hakuwa ameisikia ikielekezwa kwake tangu azikwe mumewe. Akampokea tetea. Namba ya shamba aliyoitaja mama huyo ilikuwepo ubaoni. Akamwambia Ijumaa ijayo, na ikawa Ijumaa.

Alijiwekea taratibu. Hakupokea malipo yoyote. Kuku alipikwa na kuliwa na wote waliokuwepo, aliyeuliza na asiyeuliza, na hilo lilimtuliza moyo. Alisoma Jumamosi tu. Aliyekuja Jumatano aliambiwa kuku lazima alale kwa Navalayo siku tatu ili aizoee sauti yake, na mtu akakubali, akamwacha kuku na kurudi. Ambaye namba yake haikuwa ubaoni aliambiwa bado giza, arudi mwezi ujao. Na waliouliza mambo mengine, kama mume atarudi au mwana atafaulu, aliwajibu, "Hilo kuku hasemi." Alijihesabia kwamba hajadanganya mtu. Je, si walikuwa wanapata habari ya kweli? Si ng'ombe walihamishwa mapema, maharagwe yakavunwa, hakuna aliyekanyagiwa shamba?

Lakini katika misiba sasa alipewa kiti, kiti chenye mgongo. Wanaume walisimama kumsalimu. Viongozi wa akina mama kanisani walimwonya mara moja, kwa upole, naye akawajibu kwamba kula kuku si dhambi, wakacheka, na mmoja wao akabaki nyuma kumwuliza kuhusu shamba lake. Ilikuwa tamu. Ukweli ni kwamba ilikuwa tamu kuliko kitu chochote kilichowahi kumpata, na alianza kutembea polepole zaidi njiani ili watu wapate muda wa kumwona.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, Beldina, binti wa Pascalia, alipata barua. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na chuo cha wauguzi kule Nakuru kilimwita. Alitakiwa kufika Jumatatu, siku kumi kutoka siku ile barua ilipofika. Barua ilisomwa nyumba nzima, kisha ikasomewa majirani, na kwa siku moja Pascalia alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Siku ya pili akaacha kula.

Navalayo alijua sababu. Mtoto wa kwanza wa Pascalia, kijana, alikuwa amekwenda kutafuta kazi mbali, akarudishwa ndani ya sanduku, ajali ya barabarani, na hakuna aliyewahi kueleza sawasawa jinsi ilivyotokea. Tangu hapo Pascalia hakuweza kumwona mtoto wake akifunga begi bila kuondoka chumbani.

Jumamosi hiyo alikuja uani akiwa na kuku. Hakuwa kuku wa kawaida. Alikuwa yule mweupe aliyetaga kila siku, ambaye mayai yake aliuziwa hata mwalimu mkuu.

"Wifi," alisema Pascalia, "nitazamie njia ya mtoto."

"Hilo kuku hasemi, wifi. Unajua."

"Baba mkwe alitazamanga safari. Ndiyo ilikuwa kazi yake." Alimweka kuku mapajani pa Navalayo. "Na wewe ni senje wake. Nani mwingine atanitazamia?"

Senje ni dada ya baba, na katika nyumba zetu neno la senje juu ya msichana si dogo. Beldina alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono imefumbatwa, akitazama kando. Navalayo alimtazama, akamtazama mamake, akachukua kisu.

Alipomfungua kuku na kutandaza utumbo kwenye jani, aliona utumbo. Hakuona kingine. Alitazama muda mrefu, na katika muda ule hakuwa anatafuta madoa wala mishipa. Alikuwa anapiga hesabu. Nikisema aende, aliwaza, na basi likapinduka, au akaugua huko, au akapata mimba, itakuwa ni mimi. Nitarudi jikoni, upande wa moshi, na safari hii nitakuwa nimestahili. Lakini nikisema abaki, nani atajua? Safari ambayo haikufanywa haina ajali. Hakuna atakayeweza kunionyesha njia na kusema, tazama, ilikuwa wazi.

Hesabu hiyo ilimchukua muda mfupi tu. Baadaye ndiyo iliyomwumiza kuliko yote, wepesi wake.

"Njia imefungwa," alisema. "Asubiri."

Pascalia alifumba macho, akashusha pumzi, na uso wake ukalegea kwa nafuu. Alimshukuru kwa mikono miwili. Jikoni, mlango ulikuwa mtupu. Kuku yule mweupe alipikwa, na Navalayo alipewa firigisi, kipande cha heshima, akakitafuna mpaka kikaisha ladha.

Alhamisi iliyofuata Bwana Kiplagat alihitaji mtu mwenye mwandiko mzuri wa kusaidia kunakili orodha, karani mmoja akiwa mgonjwa, na Navalayo, akitaka kumfanyia msichana wema wowote, alimtaja Beldina. Hakufikiri mbali. Ijumaa Beldina aliketi ofisini akinakili namba kutoka ubaoni, moja baada ya nyingine, na alipofika katikati kalamu yake ikasimama. Alitazama ubao. Kisha akageuka kumtazama shangazi yake, aliyekuwa amesimama pembeni na ndoo na tambara, akisubiri zamu yake.

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Masizi ya miwa iliyochomwa mahali fulani yalikuwa yakianguka polepole, yakiwatua mabegani.

"Senje," Beldina alisema walipofika nusu ya njia, "kumbe kuku wako anasomea ofisini."

Navalayo alizidisha mwendo.

"Mimi sina shida na miwa ya watu. Wajue, wasijue, ni miwa tu. Nauliza kuhusu mimi. Siku ile uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Kitu kabisa?"

"Niliona utumbo wa kuku, Beldina."

Msichana alisimama. Alipanguza masizi begani, yakampaka doa refu jeusi kwenye blauzi nyeupe, ile ambayo, Navalayo alijua, ilikuwa imenunuliwa kwa ajili ya chuo. "Jumatatu ndiyo siku," alisema. "Mwambie mama. Leo."

Navalayo alimwambia. Hilo lazima lisemwe kwa ajili yake. Jioni hiyohiyo, kabla hajakaa, alisimama mbele ya Pascalia aliyekuwa akisonga obusuma, ugali wa jioni, akamweleza yote: ubao, tambara, Osundwa, mzaha, kuku kulala siku tatu. Alieleza bila kujificha, na alipokuwa akisema, aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto, lakini pia alihisi wepesi fulani, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

Pascalia aligeuza mwiko mara mbili. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha huruma.

"Wifi, viongozi wa kanisa wamekusumbua tena," alisema.

"Hakuna aliyenisumbua. Nakwambia nilidanganya."

"Sawa. Ubao upo. Na hao makarani wanauona kila Ijumaa, mbona wao hawakumwambia Osundwa? Kwa nini ni wewe uliyepelekwa kufuta? Binti ya Shikanga, kati ya wanawake wote wa Lurambi? Hata hiyo kazi ulipewa." Alipakua. "Kaa ule. Umechoka."

"Mama," alisema Beldina, "amekwambia hakuona kitu."

"Wewe nyamaza. Wewe unataka kwenda, hata mtu akikwambia mto umefurika utasema ni umande."

Navalayo alikaa, akapokea sahani. Alikuwa ametoa ukweli wote aliokuwa nao, na ukweli ulikuwa umeanguka sakafuni bila hata kutoa sauti.

Asubuhi ya Jumamosi Beldina alimfuata chumbani. Alikuwa na jogoo mwekundu wa Navalayo mwenyewe, amemshika miguu, kichwa kikining'inia.

"Chinja huyu," alisema. "Sema njia imefunguka. Kesho napanda gari, Jumatatu niko Nakuru."

"Nimeacha mambo hayo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Sitadanganya tena, mwanangu. Nimemwambia mamako ukweli, na nitaendelea kumwambia. Atasikia."

Beldina alimtazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake, ambayo Navalayo angeweza kuistahimili. Kulikuwa na mshangao. "Jumamosi zote hizo uliwadanganyia watu miwa," alisema polepole. "Ukanidanganyia mimi bila mtu kukulazimisha. Leo ndiyo umeokoka? Leo, Senje?"

Alimwachilia jogoo. Jogoo akajikung'uta, akatoka nje akiwika.

Ningependa kuandika kwamba Navalayo alimwita arudi. Hakumwita. Alikaa kitandani akijiambia kwamba kweli ni kweli, kwamba hataongeza uongo juu ya uongo, na maneno hayo yalikuwa safi na yalimpendeza. Jumapili kanisani aliimba kwa sauti kubwa. Jumamosi hiyo na Jumapili hiyo alikwenda kwa Pascalia mara tatu, akarudia maelezo yale yale, na kila mara Pascalia alimpa chai na kumwambia apumzike.

Jumatatu ikapita. Ilipita kama siku yoyote, trekta zikipita barabarani zikiangusha miwa. Jumanne, akitoka kazini, Navalayo alimwona Beldina kwenye shamba la familia, ameinama na jembe kati ya mistari ya miwa michanga. Alikuwa amevaa ile blauzi nyeupe. Labda hakuona tena sababu ya kuitunza. Lile doa la masizi lilikuwa bado begani, na sasa kulikuwa na udongo, na jasho lilikuwa limeichora mgongoni. Alipalilia haraka, bila kuinua kichwa, na Navalayo akasimama barabarani akamtazama mpaka akafika mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mwingine.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa amemzuia msichana ili abaki na kiti chake. Mara ya pili alikuwa amemzuia ili abaki na usafi wake. Na mara zote mbili aliyelipa ni yule aliyekuwa na jembe.

Jumatano hakwenda kazini. Alimkamata jogoo mwekundu, akamwita Pascalia, akamwita Beldina ashike jani. Alipasua ubavu jinsi baba yake alivyopasua. Na hapo, mikono imejaa damu, alikumbuka jambo ambalo hakuwa amelikumbuka kwa miaka mingi: kwamba mzee Shikanga, kabla ya kugusa kisu, alikuwa akikaa na mgeni muda mrefu sana. Alimpa pombe, akamwuliza habari za nyumbani kwake, nani mgonjwa, nani amegombana na nani, barabara iko vipi, mvua imenyesha wapi. Msichana aliyeshika jani alichoka kusubiri. Je, mzee naye alikuwa na ubao wake? Hakujua, na hapakuwa na wa kumwuliza.

"Njia imefunguka," alisema. Sauti haikuwa nzito wala haikuwa ya mzee. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imekauka. "Aende. Aende leo."

"Leo?" Pascalia aliinama juu ya jani. "Nionyeshe ni wapi."

Navalayo aliweka kidole mahali popote. "Hapa."

Pascalia alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akasema kweli anaona. Navalayo hakuthubutu kuinua macho amtazame Beldina.

Msichana aliondoka mchana huo. Ijumaa alirudi, begi mkononi. Nafasi yake ilikuwa imepewa mwingine Jumanne. Waliambiwa mlangoni, yeye na wengine wawili waliochelewa, kwamba wanaweza kujaribu mwaka ujao. Aliliweka begi chini, akavua viatu, akaomba maji ya kunywa. Navalayo alikuwa uani, na alitaka kusema samahani, lakini Pascalia ndiye aliyesema kwanza, na aliyoyasema Navalayo aliyabeba maisha yake yote.

"Si mliona?" Pascalia aliwaambia majirani waliokuja, Osundwa akiwemo. "Kuku wa kwanza alisema asubiri. Wa pili akasema aende, naye akaenda salama, akarudi salama, na bado akaambiwa asubiri. Mwaka mzima. Hakuna neno lililoanguka."

"Mimi niliwaambia," alisema Osundwa. "Wa kwanza kuona ni mimi."

Mwaka ule Beldina alipalilia kwenye vitalu vya miche vya kampuni. Mikono yake iliota sugu, na mwalimu mmoja alikuja kumposa, akakataliwa, akaja tena, akakataliwa. Mwaka uliofuata aliitwa tena, akaenda, na safari hiyo hakuna kuku aliyechinjwa kwa sababu Navalayo alikuwa amewauza kuku wake wote. Aliacha pia kazi ya ofisi. Kwa waliokuja na tetea kwapani alisema kwamba macho yake yamefumbwa. Walimwamini bila shida. Kila kitu alichosema juu ya jambo hilo walikiamini, isipokuwa ukweli. Kwenye misiba waliendelea kumletea kile kiti chenye mgongo, naye akawa anafika amechelewa makusudi, aketi popote, na bado mtu alinyanyuka akamletea.

Beldina alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, mwishoni katika zahanati isiyo mbali na nyumbani. Hakuwahi kumkosea adabu shangazi yake. Alimletea sukari na chumvi, alimpima presha, alimwandikia kadi kwa mwandiko ule ule mzuri. Hawakuizungumza ile blauzi.

Mara moja tu, Navalayo akiwa tayari mzee wa kushika fimbo, walikaa kwenye benchi la zahanati, yeye na Pascalia, wakingoja dawa. Pascalia alikuwa akimsimulia mama mmoja mgeni habari za kuku wawili, kama alivyozisimulia kila mahali, na Navalayo alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, kama alivyofanya kila mara. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani, msichana mjamzito, mimba ya kwanza, alikuwa akimwuliza Beldina maswali. Atazaa salama? Mtoto atakuwa mzima? Atakuwa wa kiume, kwa sababu mumewe anataka wa kiume?

"Sijui," alisema Beldina. "Lala upande huu nikupime."

"Lakini wewe unaonaje, sister?"

"Sijui, mama. Kwa sasa naona presha yako iko sawa. Rudi baada ya wiki mbili."

Alilisema neno lile mara mbili, kwa sauti ya kawaida, akiendelea na kazi, na yule msichana hakufa wala hakulia, alipanda kitandani akalala upande alioonyeshwa. Nje kwenye benchi, Pascalia alikuwa amefika mahali pa njia kufunguka. Mama mgeni alimgeukia Navalayo, macho yamemtoka kwa heshima, akasogea kidogo ili kumpa nafasi zaidi.

"Ni wewe, mama yetu?" aliuliza.

Navalayo alifungua mdomo. Kutoka ndani alisikia Beldina akinyamaza, kana kwamba naye anasikiliza.

"Nilikuwa nafuta ubao," alisema. "Ofisi ya miwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Pascalia akampapasa goti, akacheka, akamwambia yule mama, "Umemsikia? Mpaka leo anajishushanga hivyo."